Mswada wa afya ya uzazi: Wakatoliki tuusome kabla ya kutia sahihi

Mhariri,

Karatasi ya kukusanya sahihi dhidi ya Mswada wa Afya ya Uzazi wa 2019 ililetwa hadi kwangu hapa Wundanyi na mwenyekiti wa jumuiya yetu, maana kanisani kwa sasa, Agosti 2020, sina ruhusa ya kuingia. Tangu makanisa yafunguliwe tena Julai baada ya kufungwa kwa sababu ya corona, ibada ni ya watu 100, saa moja tu, na aliyepita miaka 58 abaki nyumbani. Mimi nina 66, kwa hiyo Misa yangu ni ya redioni. Nilitia sahihi. Ila kabla ya kutia, nilichukua kalamu nikakata sentensi tatu kati ya zile zilizochapwa juu, nikaandika zangu pembeni. Mwenyekiti akaguna: "Sista, si sasa umeharibu karatasi ya watu?" (Mimi si mtawa, nina watoto wanne. Muuguzi huku kwetu huitwa Sista hadi anapozikwa.) Nikamwambia nitamjibu gazetini, na jibu lenyewe ndilo hili.

Sentensi nilizokata zilisema kwamba mswada unaruhusu mimba itolewe wakati wowote mpaka mwezi wa tisa, kwamba kila msichana wa shule atadungwa sindano ya kupanga uzazi apende asipende, na kwamba padre atakayehubiri kupinga utoaji mimba atatiwa ndani. Maneno hayohayo yamezunguka kwenye WhatsApp ya jumuiya tangu Juni, yakiwa na picha ya mtoto mchanga na alama nyekundu. Mswada nimeusoma. Zile herufi ndogo zilizonishinda nimesomewa na binti yangu kwenye simu. Hayo matatu hayamo.

Yaliyomo ni haya. Seneta Susan Kihika wa Nakuru amependekeza sheria moja pana ya uzazi: huduma za wajawazito, kupanga uzazi, wanandoa wanaosaidiwa hospitalini kupata mtoto, mwanamke anayembebea mwingine mimba, afya ya vijana, na mle ndani, sehemu ya kutoa mimba. Sehemu hiyo inasema mtaalamu wa afya aliyehitimu anaweza kutoa mimba mama akihitaji matibabu ya dharura, au uhai au afya yake ikiwa hatarini, au kukiwa na hatari kubwa kwamba mtoto aliye tumboni ana kasoro ya mwili au ya akili isiyomwezesha kuishi akizaliwa. Halafu kuna mambo ya dhamiri: mhudumu ambaye dhamiri yake inakataa hatalazimishwa kutoa mimba, lakini itambidi amwelekeze mama kwa mwenzake aliye tayari.

Sasa tuyapange mezani, maana hatupingi vyote kwa uzito mmoja, au tusipinge hivyo.

Dharura, na uhai au afya ya mama: hayo yametolewa katika Kifungu cha 26(4) cha Katiba. Yamekuwa sheria ya nchi tangu tarehe 27 Agosti 2010, na wiki hii yanatimiza miaka kumi. Anayewaambia waumini kwamba Seneta Kihika ndiye anayeleta utoaji mimba Kenya ama amesahau ama anategemea sisi tumesahau. Mimi sikusahau. Tarehe 4 Agosti mwaka huo, kwenye kura ya maoni ya Katiba, nilipiga kura nyekundu, ya kuikataa, kwa sababu ya kifungu hichohicho, kama alivyotuomba Kadinali Njue na maaskofu wote. Tukashindwa vibaya, kijani ikapata asilimia 67. Leo hii karatasi ya sahihi imenukuu Kifungu cha 26(2), kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, kwa herufi nzito, kutoka Katiba ileile tuliyoikataa. Nilicheka peke yangu. Lakini tunayo haki ya kukinukuu. Katiba ni yetu sote, waliopiga kijani na waliopiga nyekundu, na kabla wakubwa wa BBI, ule mpango wa kuibadilisha, hawajaifumua ni vizuri tukumbuke iliandikwa nini.

Katika yale mawili ya kwanza, la kubishaniwa ni neno "afya". Sheria ya Afya ya 2017 inalieleza kuwa ni hali njema kamili ya mwili, akili na maisha ya kijamii. Upana huo unafaa sana unapopanga bajeti ya zahanati. Ukiuchukua jinsi ulivyo na kuuweka katika kifungu cha kutoa mimba, basi umaskini ni afya, aibu mbele ya wakwe ni afya, na karo ya shule ni afya. Hapa maaskofu wana hoja, nami niliiandika pembeni mwa karatasi: mswada useme ni hatari ya namna gani, na nani mwingine zaidi ya mtaalamu mmoja ataithibitisha.

Ila Wakatoliki wenzangu nao waache kuchanganya mambo. Mimba iliyotunga kwenye mrija haitakuwa mtoto kamwe, na mrija ukipasuka mama anakufa kwa damu ya ndani kabla gari halijafika Voi. Daktari anayeuondoa mrija huo hatendi dhambi, Kanisa lenyewe halimkatazi, na katika hospitali za misheni nilikofanya kazi upasuaji huo ulifanywa chini ya msalaba uliotundikwa ukutani. Juzi dada mmoja wa chama cha wanawake aliniambia hata huo ukomeshwe. Nilimuuliza kama amewahi kuuona. Hajauona.

Nije kwa kile ambacho ndicho hasa kilichonifanya nitie sahihi.

Mswada unazungumzia kasoro isiyomwezesha mtoto kuishi. Senetini hayo ni maneno. Sisi tuliofanya kazi leba tunayajua kwa sura. Kuna watoto wanaozaliwa fuvu halikufunga juu, uso upo, macho yapo makubwa, mdomo unatafuta titi, lakini juu ya nyusi hakuna kitu. Wengi huzaliwa wamekufa. Wengine huishi dakika chache, na wengine saa kadhaa. Kwenye rafu ya leba yetu, kando ya chupa za spiriti, palikaa kikombe cha bati chenye maji safi, na kila mkunga, hata wa Kianglikana, alifundishwa kukitumia. Mtoto akionekana hatamaliza siku, hakuna kumsubiri padre. Unamwaga maji na kusema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu," kisha unaandika jina kwenye daftari. Mama akishindwa kulitaja, unampa la mtakatifu wa siku hiyo.

Mmoja wao nitamsimulia, na mama yake akisoma atajijua na hatakasirika, tulishaongea. Alikuwa mtoto wa pili, wa kike. Picha ya skeni hakuwahi kupigwa, miaka hiyo mashine ilikuwa mbali na nauli ilikuwa hela. Mtoto alipotoka, mwanafunzi wangu aligeuka akaangalia dirisha. Nilimbatiza, nikamfunga kichwa kwa kitambaa laini na kukivuta hadi kwenye nyusi, nikamfunika leso ya mama yake, nikamuuliza mama kama anataka kumbeba. Akasema nipe. Alimbeba tangu asubuhi mpaka alasiri. Alimwita jina la bibi yake. Baba alitoka kwenye machimbo ya vito Kasigau, nguo zimejaa vumbi jekundu, akafika mtoto akiwa bado anapumua, akamshika kidole. Hakuna dawa niliyotoa siku hiyo. Nilichofanya ni kuwafukuza watu waliokuwa wakija kuchungulia mlangoni. Yule mama alinishukuru miaka baadaye, sokoni, katikati ya watu, na shukrani yenyewe ilikuwa kwamba sikumnyang'anya mtoto haraka.

Najua si kila mama angechagua hivyo. Wapo ambao wangeambiwa mwezi wa tano kwamba mtoto hataishi, wakaona miezi minne iliyobaki ni mateso yasiyobebeka, na sitawatukana. Ila mswada una neno moja tu kwa mama huyo, nalo ni kutoa. Sikuona mstari unaosema hospitali ya kaunti itampa chumba chake, mkunga aliyefunzwa kukaa naye, dawa ya maumivu kwa mtoto, na ruhusa ya baba kuingia. Sikuona mshauri wa kukaa naye siku anayopewa habari, ambayo mara nyingi huipata kutoka kwa mpiga picha anayekazana kumaliza foleni. Tena "haiwezi kuishi" inasemwa na nani, kwa mashine gani, huku kwetu? Nimeona skeni ikisema mapacha akatoka mmoja. Watoto wa mgongo wazi, ambao wakifanyiwa upasuaji mapema wanakua na wanakwenda shule, nimewasikia wakiambiwa hawataishi na watu wenye vyeti ukutani.

Na kama Seneti inawajali kweli watoto hao, ianzie chini kabisa. Fuvu na uti wa mgongo hufunga katika siku 28 hivi za mwanzo baada ya mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hata hawajajua wana mimba. Asidi ya foliki ikiwa mwilini mapema hupunguza sana kasoro hizo. Vidonge vyake tunavitoa kliniki, lakini mama anakuja kliniki mwezi wa nne, wa tano, fuvu lilishafunga au lilishashindwa. Tangu 2012 sheria inataka unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa kwa paketi uwekwe virutubisho, foliki ikiwemo. Ni vizuri. Lakini nani huku milimani anakula unga wa paketi mwaka mzima? Tunavuna mahindi yetu na kuyapeleka kwenye kinu cha posho, na kinuni hakuna foliki. Kifungu kimoja cha kugawa vidonge hivyo kwa wasichana na maharusi kingezuia vifo vingi kuliko kifungu chote cha kutoa mimba, na hakuna askofu ambaye angekipinga. Ningependa kumuuliza Seneta Kihika jambo hilo ana kwa ana.

Hilo la dhamiri nitalipitia upesi. Nimeandika barua za rufaa usiku na mchana, najua barua ya rufaa ni nini. Ni mkono wangu, jina langu na muhuri. Kunikubalia nisitoe mimba kisha kunitaka niandike barua ya kumpeleka mama mahali itakapotolewa ni kunikubalia nusu. Mama akitaka kwenda kwingine sitamfungia mlango, na faili lake atapewa, ni mali yake. Kifungu kiishie hapo.

Na sasa upande ambao karatasi ya sahihi imeunyamazia kabisa.

Wapo wanaofika hospitali usiku wakivuja damu. Hawaji kuomba mimba itolewe, ilishatolewa: na jirani, na muuza dawa, na mtu wa vichochoroni, au na wao wenyewe kwa kunywa vitu visivyonyweka. Utafiti wa Wizara ya Afya na kituo cha utafiti cha APHRC uliotolewa 2013 ulikadiria mimba 464,690 zilitolewa nchini mwaka 2012 pekee, na wanawake karibu 120,000 wakatibiwa hospitalini kwa madhara yake. Hizo ni mimba zilizotolewa katika nchi ambayo Kanuni za Adhabu, vifungu vya 158 hadi 160, zinatoa kifungo cha miaka 14 kwa anayetoa, 7 kwa mwanamke mwenyewe na 3 kwa anayeuza kifaa au dawa. Anayesema tukiushinda mswada huu mimba zitaacha kutolewa aje alale wadi ya wanawake Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi.

Nilipokuwa mkunga katika hospitali moja ya Kanisa, sitaitaja, aliletwa msichana wa sekondari akiwa na homa kali, tumbo gumu, harufu inajulikana kabla pazia halijafunguliwa. Mwenzangu wa zamu alitaka kwanza aseme nani alimfanyia. Maswali yaliendelea huku dripu imening'inia haijachomekwa. "Taja jina tukusaidie." Nilichomeka mimi, nikamwita daktari, akasafishwa, akapelekwa theatre alfajiri. Aliishi, kizazi hakikupona. Mwenzangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa polisi na anaogopa Mungu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwa maandishi kwamba kumtibu aliyetoa mimba si kutoa mimba. Hofu yenyewe ilikuwa na msingi. Wauguzi wote tunaijua habari ya mwenzetu wa Kiambu aliyehukumiwa kunyongwa mwaka 2014 baada ya mwanamke mjamzito kufia mikononi mwake, na Mahakama ya Rufaa ikamwachilia 2017 kwa kuwa ushahidi haukutosha. Baada ya hukumu ile wauguzi wangapi walijifanya hawapo kwenye zamu, sijui, ila walikuwepo.

Serikali nayo iliongeza giza. Desemba 2013 wizara iliondoa mwongozo wake yenyewe wa kupunguza vifo vya utoaji mimba usio salama, na Februari 2014 ikawakataza wahudumu hata kuhudhuria mafunzo. Mwaka huohuo msichana wa Kisii aliyebakwa akatolewa mimba kwa njia mbaya, akahangaishwa hospitali hadi hospitali, figo zikaharibika, akafa 2018. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema kuondolewa kwa mwongozo ule kulikuwa kinyume cha sheria, wakaamuru mama yake alipwe shilingi milioni 3. Mengine katika hukumu ile siyakubali. Lakini hapo kwenye kuhangaishwa, Kanisa lilipaswa kulia kuliko FIDA, chama cha mawakili wanawake.

Papa Fransisko, Novemba 2016, aliwapa mapadre wote idhini ya kudumu ya kumwondolea dhambi hiyo anayetubu, bila kumsubiri askofu. Katika parokia ngapi jambo hilo limetangazwa kwa sauti ile iliyotumika kutangaza karatasi ya sahihi? Na ikiwa padre anaweza kumsamehe katika dakika kumi, muuguzi wa Kanisa atamuulizaje maswali nusu saa kabla ya kumchomeka dripu? Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hicho nacho tukinukuu kwa herufi nzito.

Kwa hiyo, maneno niliyoandika pembeni ya karatasi ni haya: napinga kifungu cha mtoto mwenye kasoro, napinga dhamiri ya nusu, nataka neno "afya" libanwe, na naomba Askofu Mkuu wetu Kivuva na maaskofu wenzake waziandikie hospitali zote za Kanisa barua moja fupi kwamba mwanamke anayevuja damu atibiwe kwanza, asiulizwe, wala asipigiwe polisi simu. Mwenyekiti alisema karatasi ni ya kupinga tu, haina nafasi ya kuomba. Nafasi ilikuwepo, upande wa nyuma ulikuwa mweupe.

Kuna watakaoniambia, "Sista, ukianza kuchambua hivi unawapa nguvu wale wa upande mwingine." Nguvu tunawapa tunaposema uongo unaoonekana. Mwaka 2014 maaskofu walipoitilia shaka chanjo ya pepopunda, nilikaa kliniki nikiwaona wajawazito wakificha mkono chini ya leso. Serikali ilisema chanjo ni salama, maaskofu wakasema siyo, na mimi niliyekuwa nimewazika watoto wa pepopunda miaka ya nyuma, waliokakamaa hadi wakashindwa kunyonya, nilibaki katikati na sindano yangu. Tangu siku ile kuna akina mama ambao Kanisa likizungumza habari ya hospitali hawasikilizi tena, hata likiwa na haki. Katika hili la mtoto asiye na fuvu lina haki, na ndiyo maana inaniuma kuona hoja hiyo imezikwa chini ya sindano za kubuni na mapadre wa kufungwa.

Mhariri, ombi langu la mwisho ni kwako. Mswada umechapwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha mawakili. Kati ya watu waliotia sahihi kwenye jumuiya yetu, wanaoweza kuusoma ni wachache, nao hawakuwa na muda. Gazeti hili lichapishe vile vifungu vya kutoa mimba kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila maoni ya mtu, pamoja na anwani ya Karani wa Seneti ili mwenye la kusema amwandikie. Vyote vinatosha ukurasa mmoja. Nakala kumi nitanunua mimi.

Mkunga mstaafu,
Wundanyi, Taita Taveta
Agosti 2020